Kutoka Daftari la Mashine ya Alizeti hadi Programu Inayouzwa: Mwongozo kwa Asiyejua Kuandika Msimbo

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye hajawahi kuandika hata mstari mmoja wa msimbo wa kompyuta, lakini anaijua vizuri kazi fulani inayofanyika katika mtaa au wilaya yake, na angependa ujuzi huo umletee kipato kwa njia ya programu ndogo ya simu. Mimi mwenyewe nilisomea uhasibu. Mfano nitakaoutumia tangu mwanzo hadi mwisho ni programu ya kutunza hesabu za mashine ya kukamua alizeti, aina ya mashine ambazo mtu hukutana nazo mkoani Dodoma, kama vile Kizota, Kibaigwa na Kondoa, na kuendelea hadi Singida. Nimeuchagua mfano huo kwa sababu daftari la mashine ya kukamua lina ugumu wa kutosha kumfundisha mtu, na bado halina ugumu wa kumkatisha tamaa.

Zana za akili mnemba kama ChatGPT, Claude na Gemini, pamoja na zile zinazojenga programu nzima kutokana na maelezo ya maneno, kama vile Lovable, Bolt na Replit, zimeshusha sana gharama ya kuandika msimbo. Mtaalamu wa akili mnemba Andrej Karpathy, ambaye mwezi Februari 2025 aliupa jina mtindo huu wa kujenga programu kwa kuzungumza na mashine bila kuusoma msimbo wenyewe, alieleza wakati huohuo kwamba unafaa kwa vijikazi vya mwisho wa wiki ambavyo mtu anaweza kuvitupa bila majuto. Programu inayotunza madeni ya watu si ya kutupwa, na ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu mambo yanayofanyika kabla na baada ya mashine kuandika msimbo.

Hatua ya 1: Tafuta daftari, usitafute wazo

Watu wengi huanza kwa kuwaza programu itakayotumiwa na nchi nzima. Ushauri wangu ni kwamba utembee mtaani na kutafuta mahali ambapo mtu anaandika jambo lilelile kila siku katika daftari la kaunta, kisha anapata shida mwisho wa wiki kujumlisha au kumtafuta anayedaiwa. Penye daftari lililochakaa pana kazi ambayo mtu tayari anaithamini kiasi cha kuifanya kwa mkono, na kwa hiyo huna haja ya kumshawishi kwamba kuhifadhi kumbukumbu ni jambo la maana.

Daftari zuri la kuanzia lina sifa tatu. Linaandikwa na mtu mmoja au wawili tu, likikosewa hasara yake inahesabika kwa shilingi, na mwenye biashara hukaa mbali na mahali linapoandikiwa. Sifa hii ya mwisho ndiyo inayouza. Mwenye mashine anayeishi Area C, Dodoma mjini, huku mashine yake ikiwa Kibaigwa ana sababu ya kutaka kuona hesabu za leo kabla hajalala, wakati anayeshinda kwenye mashine yake mwenyewe haoni umuhimu wa kukulipa.

Ningeshauri uviache vikoba, yaani vikundi vya kuweka na kukopa, kwa mara ya kwanza, ingawa vinavutia na viko kila mtaa. Hesabu za hisa, mikopo, riba na mfuko wa jamii hutofautiana kutoka kikundi hadi kikundi, na kikoba chenyewe kiko chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, hivyo kosa dogo la hesabu linaweza kugeuka mgogoro wa watu thelathini.

Hatua ya 2: Kaa kando ya karani

Ukishapata mwenye mashine aliyekubali, omba ruhusa ya kukaa kando ya karani kwa siku mbili, moja ya pilikapilika na moja ya utulivu. Usitoe simu wala kompyuta mpakato. Chukua kalamu na uandike kila tendo linalofanyika tangu mteja anaposhusha mzigo hadi anapoondoka na madumu yake, ukiweka alama ya pekee pale karani anapofanya jambo ambalo halimo katika daftari.

Mambo hayo yasiyo katika daftari ndiyo mali utakayoiuza. Utagundua, kwa mfano, kwamba mteja asiye na fedha taslimu huacha mashudu, yaani makapi ya alizeti iliyokamuliwa, badala ya kulipa ada ya kukamua. Kwamba nusu gunia huhesabiwa. Kwamba mteja mmoja huleta mizigo ya majirani wanne na kila mmoja anataka hesabu yake peke yake. Na kwamba kuna akina Mama Neema watatu, ambao karani huwatofautisha kwa vijiji wanavyotoka. Hakuna zana ya akili mnemba inayojua mambo hayo kuhusu mashine uliyokaa nayo, na mtaalamu wa programu aliyeko Dar es Salaam hayajui pia.

Niliporuka hatua hii katika programu yangu ya kwanza, nilijenga kurasa kumi na moja zenye rangi za kupendeza, na karani akaitumia kwa siku mbili kisha akarudi kwenye daftari lake. Sababu ilikuwa moja tu: programu ilikataa kuhifadhi mzigo mpaka namba ya simu ya mteja iandikwe, na wateja wengi walikuwa wamekuja na punda, bila simu, au na simu ya mtoto ambayo namba yake hawakuikariri.

Hatua ya 3: Andika maelezo kamili kabla ya kufungua zana yoyote

Zana hizi huelewa Kiswahili vizuri kiasi cha kutosha, na mimi hupendelea kuandika maelezo kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ambayo karani alinieleza kazi yake. Andika kwenye karatasi au katika faili la kawaida, kwa sentensi zilizokamilika, kama vile unamwachia maagizo mtu mwaminifu asiyeijua kazi hata kidogo. Maelezo ya mfano wetu yanaweza kuanza hivi:

"Nataka programu ya simu itakayotumiwa na karani wa mashine ya kukamua alizeti. Karani anatumia simu ya Android ya bei nafuu, na mara nyingi hana intaneti, kwa hiyo programu ihifadhi kila kitu ndani ya simu kwanza na kukipeleka kwenye kanzidata (hazina ya rekodi iliyoko mtandaoni) mtandao unapopatikana. Mteja anapofika, karani anaandika jina, kijiji na idadi ya magunia, ambayo inaweza kuwa na nusu. Namba ya simu si lazima. Ada ya kukamua huhesabiwa kwa gunia. Mwenye mashine anaweza kuibadilisha ada wakati wowote, lakini mzigo uliopokelewa kabla ya mabadiliko ubaki na ada yake ya zamani. Mteja anaweza kulipa fedha taslimu, kulipa kwa simu, kuacha mashudu, kuchanganya njia hizo, au kubaki na deni. Rekodi isifutike kamwe: karani akikosea, aandike marekebisho, na rekodi ya awali iendelee kuonekana kwa mwenye mashine. Fedha ni shilingi za Tanzania zisizo na senti. Maneno yote ya kwenye skrini yawe ya Kiswahili. Kabla hujaandika msimbo wowote, niulize maswali kuhusu kila jambo ambalo sijalieleza vya kutosha."

Sentensi ya mwisho ina thamani kuliko nyingine zote. Bila sentensi hiyo, mashine itajaza mapengo kwa kubahatisha, na itabahatisha kwa ujasiri mkubwa. Ukiiweka, utapata maswali ambayo baadhi yake huna majibu yake. Mimi niliulizwa iwapo mteja akiacha mashudu yenye thamani kubwa kuliko ada yake, mwenye mashine humrudishia tofauti au huiweka kama akiba ya mzigo ujao. Sikujua, ikabidi nipande tena gari kwenda kuuliza, na jibu nililolipata lilibadilisha mpangilio mzima wa ukurasa wa malipo.

Kanuni ya kutofuta rekodi imetoka katika uhasibu, na ningeomba uikubali hata kama karani atakulalamikia. Daftari la karatasi likifutwa huacha alama. Programu iliyojengwa ovyo haiachi alama yoyote, na siku mwenye mashine atakapogundua kwamba karani anaweza kuufuta mzigo mzima, hataiamini tena programu yako.

Hatua ya 4: Chagua zana

Usitumie zaidi ya siku moja hapa. Zana zinazojenga programu nzima, kama Lovable, Bolt na Replit, zinamfaa anayeanza kwa sababu zinakuonyesha matokeo papohapo katika kivinjari. Kwa daftari jepesi lisilohitaji kazi nyingi bila intaneti, AppSheet, ambayo ni ya Google tangu mwaka 2020, inaweza kutosha, kwani hujengwa juu ya lahajedwali (kama la Excel) ambalo tayari unalifahamu. Ada ya zana nyingi za kulipia huanzia takriban dola 20 hadi 25 za Marekani kwa mwezi, na unaweza kuilipa kwa kadi ya mtandaoni inayofunguliwa kupitia akaunti ya fedha kwenye simu. Lipa mwezi mmoja ukiwa tayari na maelezo yako yote, kwa sababu kulipa kwanza na kuanza kufikiri baadaye ni kuchoma fedha. Fungua pia akaunti ya GitHub, huduma ya kuhifadhi msimbo mtandaoni, na uiunganishe na zana yako, ili kila toleo la msimbo lihifadhiwe mahali pengine panapomilikiwa na wewe.

Hatua ya 5: Jenga kipande kimoja kwa wakati

Hata kama maelezo yako yamekamilika, usiiagize mashine ijenge kila kitu kwa mkupuo. Anza na ukurasa wa kupokea mzigo pekee, uutumie mwenyewe mpaka uridhike, kisha ongeza malipo, baadaye madeni, na mwishoni taarifa ya siku kwa mwenye mashine. Kila kipande kikikaa sawa, hifadhi toleo hilo na ulipe jina linaloeleweka, kwa mfano "malipo yanafanya kazi, tarehe 12", ili ukiharibikiwa uweze kurudi pale.

Utaharibikiwa. Zana hizi zina tabia ya kurekebisha jambo moja na kuvunja lingine lililokuwa zima, na zina tabia nyingine mbaya zaidi ya kukuambia kwamba hitilafu imekwisha wakati bado ipo. Ukiona umeomba marekebisho yaleyale mara tatu bila mafanikio, acha kuendelea kubishana, rudi kwenye toleo la mwisho lililokuwa zima, na ueleze tatizo upya kwa maneno mengine, ukitaja ulichobonyeza, ulichotarajia kukiona, na kilichotokea.

Hatua ya 6: Jaribu kwa hesabu ambazo majibu yake unayajua

Hapa ndipo asiye mtaalamu wa programu anaweza kufanya kazi bora kuliko mtaalamu, ilimradi awe na subira. Andaa hesabu kwenye karatasi, zipigie majibu kwa kikokotoo, kisha ziingize katika programu na ulinganishe.

Chukulia kwamba ada ni shilingi 6,000 kwa gunia. Mteja analeta magunia 7 na nusu, hivyo anatakiwa kulipa shilingi 45,000. Analipa 20,000 taslimu na 10,000 kwa simu, anabaki na deni la 15,000. Kesho yake mwenye mashine anapandisha ada hadi 6,500, na mteja huyohuyo analeta magunia mengine 3 kwa mkopo, yaani 19,500. Deni lake sasa ni 34,500. Programu ikikuonyesha 38,250, ujue kwamba imeupigia mzigo wa jana ada ya leo, kosa ambalo nimelikuta mara nyingi na ambalo mteja mwenyewe atalibaini kabla yako, kwa sababu hakuna anayekumbuka deni vizuri kama mdaiwa aliyeongezewa.

Kuna makosa mengine yanayotokana na ukweli kwamba zana hizi zimelelewa na maandishi ya mahali pengine. Tarehe 03/04 inaweza kusomwa kuwa Machi 4 badala ya 3 Aprili. Ukiagiza taarifa itumwe "saa mbili usiku", mashine inaweza kuelewa 02:00, yaani saa nane usiku, kwa hiyo katika maelekezo ya muda andika saa kwa mtindo wa 20:00. Namba ya simu inayoanza na sifuri hupoteza sifuri hiyo ikihamishiwa kwenye lahajedwali, isipokuwa umeagiza ihifadhiwe kama maandishi. Hitilafu iliyonisumbua zaidi ilikuwa ya saa za seva, yaani kompyuta za mtandaoni zinazotunza programu: seva nyingi hutumia saa ya dunia, ambayo iko nyuma ya saa yetu kwa saa tatu, hivyo mzigo uliopokelewa saa nane usiku wa kuamkia tarehe 15 uliandikwa katika hesabu za tarehe 14. Wakati wa msimu mashine nyingine hukamua usiku kucha, na karani alikuwa akionekana kila asubuhi kana kwamba ameficha mizigo ya watu. Agiza mapema kwamba siku yote ihesabiwe kwa saa za Afrika Mashariki.

Kisha jaribu mazingira. Weka simu katika hali ya ndege, ingiza mizigo mitano, zima simu ghafla kama vile chaji imekwisha, iwashe, na urudishe mtandao. Mizigo mitano inatakiwa ifike kwenye kanzidata bila kupungua na bila kujirudia. Rudia jaribio hilo kwa simu mbili zinazotumiwa kwa wakati mmoja. Kila baada ya marekebisho, hata yawe madogo kiasi gani, rudia majaribio yote tangu mwanzo. Inachosha, lakini hakuna njia ya mkato ninayoiamini.

Hatua ya 7: Linda taarifa za watu

Mwezi Julai 2025 mfanyabiashara wa Marekani Jason Lemkin alieleza hadharani jinsi wakala wa akili mnemba wa Replit alivyoifuta kanzidata ya mradi wake uliokuwa ukitumika, ingawa alikuwa ameagiza kwamba kitu chochote kisibadilishwe, na mkuu wa kampuni hiyo aliomba radhi. Kutokana na tukio hilo unaweza kuchukua kanuni mbili za kazi. Ya kwanza ni kuwa na kanzidata mbili, moja ya majaribio yenye majina ya kubuni na nyingine ya kazi halisi ambayo mashine haipewi ruhusa ya kuigusa unapojenga. Ya pili ni kuchukua nakala rudufu kila wiki katika lahajedwali, na kuihifadhi nje ya zana hiyo.

Kwa upande wa wizi wa taarifa, fanya jaribio lifuatalo kabla ya kuuza. Fungua akaunti za wenye mashine wawili wa kubuni, ingia kama wa pili, kisha bandika kiungo cha ukurasa wa yule wa kwanza. Ukiona hata jina moja la mteja wake, programu haijawa tayari. Agiza ulinzi uwekwe ndani ya kanzidata yenyewe, kwa kila rekodi, kwa sababu kukificha kitufe kwenye skrini hakumzuii mtu anayejua kuulizia kanzidata moja kwa moja. Hakikisha pia kwamba funguo za siri za huduma unazozitumia hazimo katika msimbo unaopakuliwa na kivinjari cha mtumiaji. Kama hujui pa kuangalia, huu ndio wakati wa kumlipa mtu: mwanafunzi wa kompyuta wa mwaka wa mwisho katika Chuo Kikuu cha Dodoma anaweza kuukagua msimbo wako kwa saa chache, na malipo yake ni madogo ukilinganisha na aibu ya madeni ya watu kusambaa.

Sheria nayo ipo. Jina la mtu pamoja na deni lake ni taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inawataka wanaokusanya na kuchakata taarifa za namna hiyo kujisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na kuzitumia kwa lengo lililokusudiwa tu. Kusanya kile unachokihitaji na uache kingine. Karani hahitaji namba ya NIDA ya mkulima ili amkamulie alizeti.

Usiiruhusu programu yako ishike fedha za watu. Iishie kuandika kwamba mteja amelipa kwa M-Pesa, Mixx by Yas, Airtel Money au HaloPesa, na fedha ziende moja kwa moja kwa mwenye mashine kupitia lipa namba yake. Kupokea na kutunza fedha za wengine kunakuingiza katika Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015 na leseni za Benki Kuu. Vilevile, karatasi inayotoka kwenye programu yako iite "kumbukumbu ya mzigo", kwa kuwa haiwezi kuchukua nafasi ya risiti ya mashine ya kodi (EFD), na mwenye mashine asije akadhani kwamba umemwondolea wajibu wake kwa Mamlaka ya Mapato (TRA).

Hatua ya 8: Weka programu hewani

Kwa mteja wako wa kwanza hadi wa kumi, huhitaji duka la programu. Programu ya mtandaoni inayofunguliwa kwa kivinjari na kuwekwa kwenye skrini ya simu kama alama ya kawaida inatosha, na unaweza kuirekebisha jioni ikawa tayari asubuhi. Google Play hutoza dola 25 mara moja kwa akaunti ya msanidi, na akaunti binafsi zilizofunguliwa baada ya tarehe 13 Novemba 2023 hutakiwa kwanza kuijaribu programu kwa watu wasiopungua 12 kwa siku 14 mfululizo. Apple hutoza dola 99 kila mwaka, na sijakutana na karani wa mashine mwenye iPhone.

Hatua ya 9: Panga bei na uende kuuza

Anza na hasara ya mwenye mashine, na gharama zako zifuate baadaye. Mashine inayokamua magunia 40 kwa siku kwa ada ya 6,000 huingiza shilingi 240,000. Ikiwa kila siku gunia moja tu husahauliwa kuandikwa, zinapotea 6,000 kwa siku, ambazo kwa siku 30 ni 180,000. Omba kulipitia daftari la msimu uliopita pamoja na mwenyewe, mkihesabu madeni yasiyolipwa na kurasa ambazo jumla zake hazikubaliani na mafuta yaliyotoka. Tarakimu mtakayoipata pamoja ndiyo itakayozungumza kwa niaba yako, na bei yako iwe sehemu ndogo ya tarakimu hiyo.

Wauzaji wengi wa programu hutoza kwa mwezi kwa sababu ndivyo wanavyotozwa wao. Katika kanda ya kati, ambako mvua ni za msimu mmoja na alizeti huvunwa kuanzia takriban mwezi Mei, mwenye mashine ana fedha katikati ya mwaka na hana fedha Februari. Ukimtoza kwa mwezi, atakukatia katika miezi asiyokuwa na fedha na hutampata tena. Mimi hutoza ada ya kufunga programu na kumfundisha karani, kisha ada ya msimu inayolipwa nusu mwanzoni na nusu katikati. Katika ada hiyo hesabu gharama ya seva kwa mwaka mzima, anwani ya tovuti ya .co.tz ukiwa nayo, bando, na nauli ya kumtembelea karani angalau mara tatu.

Mazungumzo yenyewe yafanyikie kwenye mashine, wakati ambao si wa foleni. Mzee mmoja wa Kibaigwa aliisikiliza salamu yangu na maelezo yangu yote kwa heshima, kisha akasema, "Kijana, daftari langu hili halijawahi kuishiwa chaji." Nikamjibu, "Ni kweli, mzee wangu, na sitaki uliache. Naomba wiki mbili karani aandike kote kuwili, halafu wewe mwenyewe ulinganishe." Pendekezo la kuandika sambamba ndilo ninalolitumia kila mahali hadi leo, kwa sababu halimwombi mtu aamini kitu asichokiona, na kwa sababu tofauti zitakazojitokeza kati ya daftari na simu zitakuonyesha hitilafu ambazo majaribio yako hayakuziona. Katika wiki mbili hizo kubali kwamba baadhi ya makosa yatakuwa ya programu, na uyarekebishe siku hiyohiyo.

Mkikubaliana, andikeni mkataba wa ukurasa mmoja. Taarifa za wateja ni mali ya mwenye mashine. Programu ni mali yako. Akiacha kulipa, unampa taarifa zake zote katika lahajedwali ndani ya siku zilizotajwa, kisha unafunga akaunti. Kwa upande wa serikali, pata namba ya mlipakodi kutoka TRA, sajili jina la biashara kwa wakala wa usajili wa biashara, BRELA, na uulizie leseni ya biashara katika halmashauri yako.

Mteja wako wa pili hatapatikana kwa matangazo ya mtandaoni. Atapatikana kwa karani wa kwanza, ambaye anawajua makarani wenzake, na kwa maonyesho ya Nanenane pale Nzuguni, Dodoma, kuanzia tarehe 1 hadi 8 Agosti, ambako wenye mashine huja kuangalia vipuri na mitambo. Baada ya hapo, angalia kazi zenye daftari la umbo hilohilo: mashine za kukoboa mpunga Bahi zina magunia, ada, deni na pumba mahali pa mashudu, na stoo za mahindi zina magunia, siku na ada. Kila moja ni siku mbili nyingine za kukaa kando ya karani, lakini msimbo utakuwa umebadilika kidogo tu.

Hatua ya 10: Funga msimu

Alizeti ikipungua, nenda ukafunge hesabu pamoja na mwenye mashine. Programu iwe na kitufe kinachohamishia madeni katika msimu ujao bila kuyafuta, na kinachozuia rekodi za msimu uliopita zisibadilishwe tena. Badili nywila za makarani walioondoka. Ikiwa unatumia kanzidata ya bure, kumbuka kwamba Supabase, mojawapo ya huduma za kanzidata, huisimamisha isipotumika kwa siku 7, na mashine iliyolala tangu Januari itakuamsha alfajiri moja ya Mei kwa simu ya karani asiyeweza kuingia; lipia, au weka kumbukumbu ya kuifungua na kuitumia kila baada ya siku chache hata nje ya msimu.

Mwishoni chapisha orodha ya wadaiwa wote, jina, kijiji na kiasi, umpe mwenye mashine aisaini nakala mbili. Ya kwake mwambie aikunje na kuiweka ndani ya daftari la zamani, ambalo kwa kawaida utalikuta bado liko kwenye droo ya karani.